Msiba wa Jirani

Jaji Adelard Byarugaba alistaafu saa tisa na nusu alasiri, siku aliyotimiza miaka sitini na mitano, baada ya kumaliza faili lililokuwa mezani. Wenzake walitegemea machozi kidogo, au angalau hotuba. Yeye alikabidhi funguo, akaomba hati ya makabidhiano itolewe nakala mbili, akazisoma zote mbili, akasahihisha tarehe kwenye moja, akaenda nyumbani.

Ndivyo alivyokuwa. Alizaliwa Ihembe, Karagwe, katika kibanja cha migomba na kahawa cha baba yake. Alisoma kwa kibatari, kama walivyosoma wote wanaopenda kutusimulia kwamba walisoma kwa kibatari. Akawa hakimu, akawa jaji, akapanda mpaka mahakama ya juu kabisa nchini, ambako ukishindwa huna pa kwenda tena isipokuwa kanisani. Kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kuchelewesha hukumu hata moja, na hakuwahi kumsamehe mtu aliyechelewa. Sheria inasema anayechelewa kukata rufaa anaweza kuomba aongezewe muda, ila lazima atoe sababu ya msingi, na aeleze kila siku aliyochelewa, moja baada ya nyingine, alikuwa wapi na alifanya nini. Majaji wengine huisoma sheria hiyo kwa jicho moja. Jaji Byarugaba aliisoma kwa yote mawili, na miwani juu yake.

Uamuzi wake maarufu kuliko yote aliutoa Bukoba mwaka 2014. Mkulima mmoja alikuwa amechelewa siku nne, na kiapo chake kilisema siku hizo alikuwa kwenye msiba wa jirani. Jaji aliandika: "Msiba wa jirani, hata uwe wa kusikitisha namna gani, si sababu ya msingi." Sentensi hiyo aliipenda. Ilinukuliwa katika maamuzi mengi yaliyofuata, mpaka vijana wanaosomea sheria wakaikariri kama sala. Uso wa yule mkulima hakuukumbuka kwa sababu hakuutazama. Ilikuwa desturi yake kutoinua macho kutoka kwenye faili, na aliihesabu desturi hiyo miongoni mwa fadhila zake.

Sasa alikuwa na miaka sitini na minane. Alikuwa amejenga Ihembe nyumba ya bati jekundu, hatua thelathini kutoka kwa mama yake. Mkewe alikuwa Dar es Salaam akilea mjukuu, na hakuonyesha dalili ya kumaliza kulea. Jaji akabaki na mama, Costansia, mwenye miaka tisini na mitatu, miguu iliyovimba, na moyo ambao daktari wa Kayanga alisema umechoka.

Asubuhi moja Costansia aliweka chini kikombe chake cha uji akauliza, "Adelard, nani atanizika?"

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nimeshazungumza na kampuni ya mjini. Gari wanalo, jeneza wanalo, mahema wanayo. Wana watu sita wa kubeba, wanavaa glovu nyeupe."

"Glovu."

"Nyeupe, mama."

Costansia alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa myeusi kwa kazi na kwa utomvu wa migomba wa miaka themanini. "Mimi nimemenya ndizi kwenye misiba ya kijiji hiki kabla wewe hujazaliwa. Nimebeba maji. Nimeosha maiti za wanawake ambao hata majina yao huyajui. Halafu uniletee watu wa glovu! Wananijua?"

"Ni watu wa kazi, mama."

"Nataka nizikwe na chama."

Hapo jaji akakohoa kikohozi ambacho hakikutoka kifuani.

Kila kitongoji cha huko kina chama chake cha kufa na kuzikana. Mwanachama akifiwa, wenzake huja na mikungu ya ndizi, kuni na maji. Wanaume huchimba kaburi, wanawake hupika, na baadhi hukaa na mfiwa siku nne za matanga, wakichunga moto wa uani usizimike. Asiye mwanachama akija msibani ni mgeni tu. Mgeni hupewa kiti na soda. Huko hakuna tusi zito kuliko hilo, ingawa mtu wa mjini hulipokea kwa mikono miwili na kuuliza kama kuna ya baridi.

Baba yake jaji alipofariki mwaka 2013, jaji alifika msibani saa nne asubuhi, akazika, akaondoka saa tisa kuwahi ndege huko Bukoba, kwa kuwa kesho yake alikuwa na mkutano kuhusu wananchi wa kawaida kupata haki. Alichokiona uani hakikumpendeza: matope, moshi, watu wamelala kwenye majani makavu ya migomba, na mama yake katikati yao. Aliporudi kazini aliandikia chama barua yenye kumbukumbu namba. Familia ya Byarugaba, ilisema barua, inajitoa, itajitegemea, na mama apumzishwe na shughuli hizo. Aliona amemhurumia mama. Kumuuliza hakumuuliza.

"Miaka kumi na moja," alisema Costansia, "naenda kwenye misiba na mkungu wangu. Mkungu wanaupokea, mimi wananipa kiti. Miaka kumi na moja nakunywa soda, Adelard!"

Jaji aliona aibu. Ilikuwa aibu hasa, ile ya kupanda mpaka masikioni, na hakuwa ameionja tangu darasa la nne.

Alifanya alichokuwa anajua kufanya. Alijifungia siku tatu akaandika maombi ya kuongezewa muda ili barua yake itenguliwe, na kiapo cha kurasa ishirini na saba, aya zimepewa namba. Jumatano akayapeleka kwenye kikao cha chama, ambacho hukaa katika ghala la kahawa, wajumbe wakiwa wamekalia magunia.

Mwenyekiti alikuwa Mbonimpa, mzee mrefu, mkimya, mwenye magoti mabovu, aliyetoka Burundi akiwa kijana na kuanza Ihembe kama kibarua wa kupalilia migomba. Katibu alikuwa Polikarpi, mwalimu mstaafu, mwenye kaunta buku na peni mbili mfukoni, moja ikiwa ya akiba. Mbonimpa alikuwa na miaka sabini na minne, kwa hiyo jaji akasema neno ambalo kwa miaka mingi alikuwa akilipokea tu.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Jaji. Tulishaonana."

"Wapi, waitu?" aliuliza jaji, kwa neno la heshima la huko.

"Bukoba."

"Nimefanya kazi Bukoba mara nyingi."

"Ndiyo," alisema Mbonimpa, akamsogezea gunia.

Polikarpi alisoma ukurasa wa kwanza wa kiapo, akapima unene wa zilizobaki kwa vidole, akavua miwani. "Hapa umesema hukuweza kurudi kwetu mapema kwa sababu ya majukumu ya kitaifa. Kifungu cha tisa cha katiba yetu kinasema aliyejitoa na akachelewa kurudi, aeleze kila siku aliyochelewa."

"Kifungu hicho mlikitoa wapi?"

"Mahakamani. Mmoja wetu alikwenda huko akarudi nacho."

Jaji alisema, kwa dhati kabisa, kwamba kimeandikwa vizuri.

"Tarehe kumi na nne Machi, 2016," alisema Polikarpi. "Ulikuwa wapi?"

"Siwezi kukumbuka."

"Kumi na tano?"

"Mwalimu, hakuna binadamu anayeweza kukumbuka..." Jaji akakatiza sentensi mwenyewe. Alikuwa ameisikia mara nyingi sana, kutoka upande mwingine wa meza.

"Mwenyekiti," alisema Polikarpi, "mimi naona ombi hili tulitupe. Siku nne watu wamepotezewa mashamba. Huyu ana miaka kumi na moja."

Mbonimpa alisugua goti lake kwa muda mrefu. "Tukienda siku kwa siku," alisema mwishowe, "mama Costansia atafariki sisi tuko 2017. Mama hana kosa. Hii barua hakuiandika yeye. Ajiunge huyu mwanawe, kama kijana yeyote anayeanza mji. Afanye kazi kwenye maziko ya watu watatu. Akimaliza, jina la mama yake linarudi daftarini."

"Na kama mama akifariki kabla ya wa tatu?" aliuliza jaji.

"Tutakuja kama wageni," alisema Polikarpi. "Utatupa viti."

"Na matanga? Zile siku nne nazo zinahesabiwa?"

"Hapana," alisema Mbonimpa. "Matanga ni hiari ya mtu. Hayaandikwi popote."

Jaji alitoka pale akaenda moja kwa moja dukani kwa Mansoor kununua mabuti na koleo.

"Koleo la nini, Mheshimiwa?" aliuliza Mansoor, ambaye alizoea kumuuzia betri na majani ya chai.

"La kuzikia."

"Inna lillahi! Nani?"

"Bado sijajua."

Mansoor alimfungia koleo kwenye gazeti bila kuuliza tena. Mpaka jioni Ihembe nzima ilikuwa imepata habari.

Hapo ndipo kijiji kilipopata afya. Wazee waliokuwa wakiagwa kila Krismasi wakaonekana wanapalilia. Aliyekuwa amelazwa hospitali ya Nyakahanga akarudi kwa bodaboda amekaa wima. Jaji alianza kuamkia barazani kwa watu, akiuliza hali kwa uangalifu ambao haukumfurahisha mtu. Waliokuwa na kikohozi walikimeza wakimwona anakuja. Mzee Athanasi, mwenye miaka themanini na minane, alimwambia mkewe amjibu kwamba hayupo.

"Acha kumsalimia Athanasi kila siku," alisema Costansia. "Atadhani unamngoja."

"Namjulia hali tu, mama."

"Unamngoja."

Alikuwa anamngoja, na alijua anamngoja, na alijichukia kwa hilo kila alipokuwa akivaa mabuti. Lakini kila asubuhi alipompelekea mama uji, alikuta miguu imevimba zaidi kidogo kuliko jana, na chuki yake ikaahirishwa.

Athanasi alifariki mwezi wa pili, kwa wakati wake mwenyewe. Jaji alifika na koleo lake jipya saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili na dakika ishirini malengelenge yalikuwa yamepasuka viganjani, na wachimbaji, kwa heshima zote, wakamhamishia kwenye ndizi. Alikaa na akina mama kumenya. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu hupaka mafuta mikononi kwanza, kwa sababu huko hakuna mtu mzima asiyejua. Utomvu ulimganda vidoleni ukawa mweusi, na sabuni ya Mansoor haikuutoa, wala petroli. Jioni Polikarpi aliandika kwenye kaunta buku: "Byarugaba A. Ndizi, mkungu mmoja na nusu. Kazi hafifu."

Wa pili alikuwa Auleria, bibi wa upande wa bondeni, katikati ya masika. Jaji alibeba maji, madumu kumi na mawili, kutoka mtoni hadi uani kwenye kilima kinachoteleza, akaanguka mara mbili, na mara zote mbili akaliokoa dumu. Polikarpi aliandika: "Kazi ya kuridhisha." Jaji aliusoma mstari ule juu chini, kutoka upande wa pili wa daftari. Siku aliyoapishwa kuwa jaji wa mahakama ya juu kulikuwa na gwaride na picha, na hakufurahi nusu ya hivi. Alikwenda nyumbani akiwa amejitahidi kukaza uso.

"Bado mmoja, mama."

"Najua," alisema Costansia. Sasa alikuwa hainuki tena kitandani. "Nasubiri. Usinikimbize."

Mwezi wa sita ikaja barua kutoka Dodoma. Wastaafu ambao maamuzi yao yamejenga sheria ya nchi wangetunukiwa ngao ya heshima, siku ya Jumamosi, mbele ya wakubwa wote. Jina lake lilikuwa la tatu, na mbele yake yalikuwa yameandikwa maneno yale ya mwaka 2014. Ndege ingeondoka Bukoba Ijumaa adhuhuri. Jaji alisema moyoni kwamba mambo ya ngao hayana maana, kisha akatoa suti sandukuni, akaipiga pasi mwenyewe, akaitundika mlangoni mahali pa kuonekana.

Jumatano jioni Mbonimpa alifariki. Alikuwa anaanika kahawa, akakaa chini kupumzisha goti, akaegemea ukuta. Mkewe Gloriose alimpelekea maji akamkuta ametulia kupita kiasi.

Habari ilipomfikia jaji, jambo la kwanza alilohisi ni nafuu. Wa tatu! Jambo la pili lilikuwa uchungu, maana alimpenda yule mzee kuliko alivyokuwa amejua. Alikwenda kumwambia mama. Costansia alifumba macho akasema, "Huyo umchimbie vizuri."

Alhamisi alichimba. Viganja vilikuwa vimekomaa, na safari hii hakuna aliyemhamisha. Saa nane mchana jeneza likaletwa pembeni ya kaburi, kibanjani, kati ya migomba ambayo Mbonimpa aliipanda mwenyewe, na Polikarpi akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Aliusoma kwa sauti ileile aliyosomea mahudhurio ya darasa. Jaji alisimama nyuma na koleo lake.

"Marehemu alifika Karagwe akiwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa kibarua, kisha mkulima. Ameacha mjane na watoto watano. Alikuwa na shamba la kahawa Kimuli, wilaya ya Kyerwa, alilolinunua kwa vibarua vya miaka kumi na minane. Mwaka 2013 alishindwa kesi ya shamba hilo, akapewa siku thelathini za kukata rufaa. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Jumapili alifariki mzee Byarugaba wa hapa Ihembe, na marehemu akawa msimamizi wa moto, Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa alipofika Bukoba na karatasi zake akaambiwa amechelewa siku nne. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ikaona hiyo si sababu ya msingi. Shamba likaenda. Marehemu hakuwa mtu wa kulalamika. Alianza kuumwa magoti mwaka 2018."

Akaendelea na magoti. Watu waliinamisha vichwa kama kawaida. Hakuna aliyegeuka kumtazama jaji, hata mmoja, na hilo ndilo lililomjulisha kwamba wote walikuwa wanajua, tangu zamani.

Jaji alifukia kaburi pamoja na wengine. Alifukia kwa kasi isiyohitajika, mpaka mtu akamwambia, "Polepole, waitu, haendi popote." Alipomaliza alimfuata Polikarpi, aliyekuwa amekaa kwenye shina la mgomba na kaunta buku magotini.

"Kiapo hakikusema ni msiba wa baba yangu. Kilisema jirani. Ningejua, nisingelishika hata faili. Lingekwenda kwa jaji mwingine."

"Kiapo nilikiandika mimi," alisema Polikarpi. "Nilitaka kuweka jina. Alikataa. Alisema mfiwa humwambii kwamba mimi nilikuzikia, ukimwambia unakuwa unamdai."

"Hata mahakamani?"

"Alisema jina halina haja ya kuandikwa, wewe utamwona tu. Siku ya msiba ulimpa mkono ukiwa unaingia garini, ukamwambia asante kwa moto. Kwa hiyo alivaa koti lilelile alilokuwa nalo siku ile, akaenda Bukoba, akasimama mbele yako." Polikarpi alifunua kaunta buku, akatafuta ukurasa. "Alikuwa anasubiri uinue macho."

Jaji alijaribu kulikumbuka lile koti, akapata faili tu: rangi yake, uzi wake, muhuri wake, hata doa la chai kwenye kona.

Polikarpi aliandika, akigeuza daftari ili jaji aone: "Byarugaba A. Kaburi. Kazi nzuri. Maziko matatu yametimia. Costansia Byarugaba amerejeshwa." Akapiga mstari chini yake kwa rula. "Umemaliza, Jaji. Nenda kawahi safari yako. Tumesikia kuna ngao."

Jaji alikwenda kwanza kwa mama.

"Jina lako limeingia daftarini, mama."

"Kwa peni au penseli?"

"Kwa peni."

"Haya." Costansia alipumua. Ilikuwa pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetuliwa mkungu kichwani. "Sasa naweza kufa nikipenda."

"Mama, ulijua habari ya Mbonimpa na shamba lake?"

"Nani asiyejua?"

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii!"

"Ningekuambia lini? Ulikuwa unaondoka saa tisa."

Jaji alikaa kitandani miguuni pa mama yake na akalia, bila sauti, miwani ikiwa mkononi. Costansia alimwacha alie mpaka akamaliza, kwa sababu alikuwa amekaa na wafiwa wengi na alijua kazi hiyo. Kisha akamwambia aende, kwani jioni msibani watu wa kuni hupungua.

Uani kwa Mbonimpa moto ulikuwa umekwishawashwa. Jaji alimsalimia Gloriose. Alikuwa amejiandaa kusema mambo mengi, mengine yakiwa na aya. Alisema, "Mama, nilimkosea mzee. Nilimkosea vibaya, na sina namna ya kulirudisha lile shamba. Nimekuja kukaa na moto."

Gloriose hakusema amemsamehe. "Kuni ziko nyuma ya jiko," alisema. "Mbichi ziweke pembeni."

Hakuna aliyemletea kiti. Jaji alilala pale kwenye majani makavu.

Ijumaa saa tatu asubuhi, jaji akiwa amechuchumaa na kijinga cha moto mkononi, simu iliita. Alikuwa msajili kutoka Dodoma, kijana mwenye adabu, mwenye sauti ya mtu aliyesimama hata akiwa amekaa.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nahakikisha tu safari. Gari la kukupeleka Bukoba limefika?"

"Marahaba. Limefika. Nimelirudisha. Siji."

"Kuna tatizo, Mheshimiwa?"

"Nina msiba."

"Oo! Pole sana, Mheshimiwa. Ni mama?"

"Hapana. Mama yupo, asubuhi amekunywa uji. Ni jirani."

"Jirani tu, Mheshimiwa?"

"Jirani tu. Nitapatikana baada ya siku nne."

"Sasa, Mheshimiwa, wakubwa wataniuliza sababu, na lazima niiandike kwenye taarifa." Kijana alisita. Ilisikika kabisa kwamba anachagua maneno, na kwamba maneno anayoyakwepa anayajua kwa kichwa, neno kwa neno. "Na Mheshimiwa mwenyewe unaufahamu msimamo wa mahakama kuhusu... kuhusu misiba ya namna hiyo."

"Naufahamu," alisema jaji. "Niliuandika mimi. Wewe andika hivi: Byarugaba yuko Ihembe, kwa Mbonimpa, anachunga moto, siku zote nne, na hana sababu ya msingi."

Akazima simu akaiweka mfukoni kwa vidole vyeusi vya utomvu. Moto ulikuwa umeanza kufifia, na zamu ilikuwa yake.